Nyota ile haikufa: Tuelezwe pia kilichoonekana na setilaiti zilizorushwa Malindi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua ili nisahihishe jambo moja lililochapishwa katika makala yenu kuhusu kituo cha anga cha Luigi Broglio kilichoko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na nikishalisahihisha nieleze kwa nini naliona ni zito kuliko linavyodhaniwa. Mwandishi wenu aliandika kwamba nyota iitwayo A 0535+26, ambayo mwezi Novemba 2020 iling'aa kupita kiasi katika miale ya eksirei, ililipuka na kufikia mwisho wa maisha yake. Nyota hiyo haikulipuka, wala haikufa. Ingalipo mahali pake, ingali inajizungusha mara moja kwa kila sekunde 104 hivi, na hakuna sababu ya kudhani kwamba haitawaka tena, maana imekuwa ikiwaka na kutulia tangu ilipogunduliwa mwaka 1975. Kama kila mwako wa namna hiyo ungekuwa kifo, nyota hiyo tungekuwa tumeshaizika mara nyingi.

Simlaumu mwandishi kwa ujumla, kwa sababu sehemu kubwa ya makala yake ilikuwa nzuri. Alieleza majukwaa ya San Marco na Santa Rita yaliyosimamishwa kwa miguu ya chuma katika Ghuba ya Ungwana, akaeleza roketi za Scout zilizorushwa kutoka hapo, akagusia mkataba kati ya Kenya na Italia kuhusu kituo hicho, ambao wakazi wa Kilifi wana haki ya kuuhoji mpaka waridhike. Kisha akafika kwenye setilaiti ya Uhuru, akaandika kwamba ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilikuwa ikitimiza miaka saba ya kujitawala, na kwamba ndiyo maana ikapewa jina hilo. Baada ya hapo hakusema neno jingine juu yake. Ndivyo wafanyavyo karibu wote: kila Jamhuri inapokaribia tunasimuliwa jina na tarehe, halafu hadithi inakatwa pale pale inapoanza kunoga. Matokeo yake ni kwamba habari inapotokea kuhusu nyota za aina ile ile ambazo Uhuru ndiyo iliyozifichua, mwandishi hana pa kushika, na analazimika kubuni sababu.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei ya angani peke yake. Miale hiyo haifiki ardhini, kwa sababu angahewa huifyonza yote kabla haijatufikia, na kabla ya mwaka 1970 wataalamu walitegemea zaidi roketi zilizopanda juu ya angahewa kwa dakika chache tu na kuanguka. Ni kwa roketi kama hiyo ambapo mwanafizikia Riccardo Giacconi na wenzake walikigundua chanzo cha eksirei kiitwacho Sco X-1 mwezi Juni 1962, nao hawakuwa wakikitafuta. Pwani yetu ilichaguliwa kwa sababu za kifizikia ambazo zinastahili kujulikana na kila mwanafunzi wa kidato cha pili. Dunia hujizungusha kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa kwenye ikweta, kwa hiyo roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka Ungwana hupata msukumo wa bure. Zaidi ya hayo, setilaiti inayozunguka karibu kabisa na ikweta hukwepa kwa sehemu kubwa eneo la Atlantiki ya Kusini ambako chembe zenye chaji hushuka chini na kuvuruga vipimaji. Uhuru ilikuwa na uzito wa kilo 140 hivi, na mapema mwaka 1973 ilikuwa imekwisha kazi. Kwa muda huo mfupi iliacha orodha ambayo katika toleo lake la nne ina vyanzo 339.

Sasa nitazame kwa karibu jambo moja ambalo iliona. Setilaiti hiyo ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, huku vipimaji vyake vikipita juu ya anga na kuhesabu chembe za eksirei zilizonaswa katika kila kipande cha sekunde 0.096. Chanzo kisichobadilika kikipita mbele ya kipimaji cha namna hiyo, grafu yake huwa pembetatu: hesabu inapanda, inafika kileleni, inashuka. Chanzo kilichoitwa Cen X-3, katika kundi la nyota la Kantarusi, hakikuchora hivyo. Grafu yake ilikuwa na meno, jino moja kwa kila sekunde 4.8, kwa mpangilio ambao haungeweza kuwa wa bahati nasibu. Mtu aliyezoea habari za palsa, yaani nyota zinazodunda kwa mpangilio, zilizogunduliwa na Jocelyn Bell na Antony Hewish miaka michache tu kabla ya hapo kwa mawimbi ya redio, angeweza kusema kwamba hii nayo ni palsa, akaridhika.

Lakini mdundo huo haukuwa thabiti. Mara meno yalisogeleana, mara yalitengana, na kwa vipindi fulani chanzo chenyewe kilitoweka kabisa kwa muda wa karibu nusu siku. Kundi la Giacconi, lililokuwa likifanya kazi Cambridge katika jimbo la Massachusetts, lilipopanga vipimo vyote kwa tarehe, lilikuta kwamba kusogeleana na kutengana huko kulijirudia kila baada ya siku 2.09, na kwamba kutoweka nako kulifuata ratiba hiyo hiyo. Msomaji aliyewahi kusimama kando ya barabara kuu akasikia honi ya basi ikiwa nyembamba linapokuja na nzito linapokwenda zake anajua tayari maana yake: kitu kinachotoa mdundo kilikuwa kikija kwetu na kwenda mbali nasi, kwa kasi inayofika kilomita 415 kwa sekunde, kikizunguka nyota kubwa ambayo kila baada ya siku mbili ilikificha nyuma yake. Njia yake ni pana kiasi kwamba nuru hutumia karibu sekunde 40 kukata nusu ya upana wake. Nyota kubwa yenyewe ilitambuliwa kwa darubini za kawaida mwaka 1974 na Wojciech Krzemiński wa Poland. Muda mfupi baada ya Cen X-3 ikapatikana Her X-1, yenye mdundo wa sekunde 1.24 na mzunguko wa siku 1.7, na kuanzia hapo hakuna aliyekuwa na shaka tena kwamba lipo tabaka zima la nyota za nyutroni zinazoishi kwa kunyonya nyota jirani zao. Giacconi alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Katika magazeti yetu ya siku hizo sikuona hata mstari mmoja uliotaja Ungwana, na kama ulikuwapo ulinipita.

Ndugu Mhariri, nyota ya nyutroni ni masalia ya nyota kubwa iliyokwisha kulipuka zamani. Kwa hiyo kama mwandishi wenu alikuwa akitafuta kifo, kifo kilishatokea, na tunachokiona leo ni maisha ya baada yake. Masalia hayo yana maada nyingi kuliko Jua letu, kwa kawaida mara 1.4 hivi, iliyoshindiliwa ndani ya tufe lenye nusu kipenyo cha kilomita 10 hadi 12, yaani kitu chenye upana unaokaribia umbali wa kutoka Malindi hadi Watamu. Gesi inayoanguka juu ya tufe kama hilo hufika ikiwa na kasi ya karibu nusu ya kasi ya nuru, na inapogonga hutoa nishati kwa kila gramu zaidi ya mara 20 ya ile ambayo Jua hupata kwa kuunganisha viini vya gramu ya haidrojeni. Gesi hiyo hupata joto la mamilioni mengi ya digrii, na kitu chenye joto hilo hung'aa kwa eksirei. Ili palsa ya namna hii iwe angavu kwa kiwango cha kawaida, inahitaji kumeza tani bilioni 100 kwa kila sekunde. Kiasi hicho kinaonekana kikubwa mno, lakini kwa nyota jirani inayochangia ni upotevu mdogo ambao inaweza kuuvumilia kwa maelfu ya miaka na zaidi.

Hapo ndipo mwandishi wenu angepaswa kuanzia. Mwangaza wa palsa hizi ni kipimo cha moja kwa moja cha kiasi kinachoanguka. Kikianguka kingi, inawaka, kikipungua, inafifia, kikikatika, inazimika, na nyota yenyewe inabaki pale pale ikingoja. Miwako yote ambayo wataalamu huiandikia makala, mirefu na mifupi, ni habari ya mlo, na swali la maana la kuuliza kila mara ni nani anayelisha na kwa nini safari hii amemwaga zaidi.

Katika A 0535+26 anayelisha ni nyota ya rangi ya samawati iitwayo HD 245770, ambayo katika orodha ya nyota badilifu hujulikana kama V725 Tauri. Nyota hii hujizungusha kwa kasi kubwa kiasi kwamba hurusha gesi kutoka kwenye ikweta yake na kujenga diski pana inayoizunguka. Palsa nayo huzunguka katika njia iliyorefuka kama yai, safari moja kwa siku 111, na inapofika karibu na jirani yake huweza kuchota gesi kutoka ukingo wa diski hiyo. Ndiyo maana kuna misimu ambapo huwaka kwa kiasi kila baada ya siku 111, kwa ratiba ambayo mtu anaweza kuiandika kwenye kalenda. Kuna misimu mingine ambapo diski imesinyaa na palsa hupita mzunguko baada ya mzunguko bila kupata kitu. Na kuna miaka michache, kama 1975, 1994, 2005 na 2020, ambapo gesi huijia kwa wingi usio wa kawaida na mwako hudumu kwa wiki kadhaa. Wa mwaka 1975 ulinaswa na setilaiti ya Uingereza iitwayo Ariel 5, na herufi A iliyo mwanzoni mwa jina la nyota hiyo ni kumbukumbu ya Ariel. Ariel 5 ilirushwa tarehe 15 Oktoba 1974. Ilirushwa kutoka wapi? Kutoka jukwaa la San Marco, Ghuba ya Ungwana, Kenya. Nyota ambayo gazeti lako limeizika iligunduliwa, kwa hiyo, na chombo kilichoondoka hapo hapo palipokuwa mada ya makala.

Mwako wa Novemba 2020 ndio mkubwa kuliko yote iliyowahi kupimwa katika nyota hiyo. Wataalamu wa eksirei wamezoea kulinganisha kila kitu na Nebula ya Kaa, wingu la masalia ya nyota iliyolipuka, kwa kuwa mwangaza wake karibu haubadiliki, na kwa bahati njema nebula hiyo iko jirani kabisa na A 0535+26 angani, zote mbili zikiwa upande wa pembe za kundi la nyota la Ng'ombe, kundi lile lile ambalo ndani yake mna Kilimia wanachokijua wakulima wetu. Katika eksirei ngumu, yaani zile zenye nishati kubwa, palsa ambayo kwa kawaida ni hafifu ilipanda hadi ikaizidi Nebula ya Kaa zaidi ya mara kumi. Kwa umbali wa miaka ya nuru 6,000 hivi, hiyo ni nguvu ya makumi ya maelfu ya Majua. Halafu ikashuka.

Ushahidi unaonigusa zaidi, na ambao ungetosha peke yake kumzuia mtu asiandike habari ya kifo, uko kwenye mdundo. Gesi inayoanguka haiji moja kwa moja. Huja ikizunguka, na inapotua huikabidhi nyota mzunguko wake. Wakati wa mwako mkubwa, palsa huongeza kasi ya kujizungusha, kwa kiasi kidogo sana lakini kinachopimika vizuri, na mwako unapokwisha huanza tena kupunguza kasi polepole. Mtu hawezi kuomba dalili iliyo wazi zaidi ya kitu kinacholishwa. Ni kwa kipimo hiki pia ambapo iliwezekana, miaka ya 1970, kuonyesha kwamba vitu kama Her X-1 na Cen X-3 ni nyota za nyutroni: kibete cheupe, yaani masalia ya nyota ya kawaida kama Jua, ni kizito kukisukuma, na kwa gesi ile ile kisingeweza kuongeza kasi kwa kiwango kilichoonekana.

Si kila mwako una chanzo kama hicho. Vela X-1, ambayo mdundo wake wa sekunde 283 uligunduliwa na setilaiti ya SAS-3, nayo iliyorushwa kutoka Ungwana mwezi Mei 1975, inaishi ndani ya upepo, yaani gesi inayotiririka kutoka kwenye nyota kubwa, ambayo palsa hiyo huizunguka kwa siku 9 kasoro kidogo. Upepo huo hautoki sawasawa. Umejaa mabonge, na palsa ikikutana na bonge zito huwaka ghafla kwa saa kadhaa, ikiingia kwenye pengo hufifia kiasi kwamba mdundo wake hupotea, kisha hurudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Mtu anayeitazama kwa siku tatu anaona vurugu tupu. Anayeitazama kwa miaka anaanza kupima upepo wa nyota ambayo hakuna darubini inayoweza kuukaribia, na hilo kwangu ni jambo la kupendeza zaidi kuliko mlipuko wowote.

Kuna tena suala la sumaku, ambalo nakiri ndilo gumu kulieleza katika gazeti, lakini bila hilo mtu hataelewa kwa nini palsa hizi hudunda hata kidogo. Uga wa sumaku wa nyota hizi huzidi ule wa Dunia matrilioni ya mara. Kiasi hicho kilipimwa kwa mara ya kwanza katika Her X-1, wakati Joachim Trümper na wenzake wa Ujerumani waliporusha puto kutoka Texas mwezi Mei 1976 na kukuta alama katika spektra yake, yaani mgawanyo wa miale yake kwa nishati, ambayo huachwa na elektroni zinazozungushwa na sumaku kali. Uga kama huo huizuia gesi ikiwa bado maelfu ya kilomita kutoka kwenye nyota, ukaielekeza kwenye ncha mbili za sumaku, na kwa kuwa ncha hizo hazilingani na mhimili wa mzunguko, kila moja hutuelekea na kutupa kisogo kwa zamu. Huo ndio mdundo. Lakini uga huo huo unaweza pia kuwa mlango uliofungwa. Gesi ikipungua, sumaku hupanuka nje hadi mahali ambapo inazunguka haraka kuliko gesi inavyoweza kuzunguka, na badala ya kuipitisha huitupa nje. Andrei Illarionov na Rashid Sunyaev walilieleza hilo mwaka 1975 kwa hesabu, na miaka 40 baadaye setilaiti ya Swift iliziona palsa mbili, 4U 0115+63 na V 0332+53, zikikatika ghafla mwishoni mwa miwako yao badala ya kufifia taratibu. Nataja ya kwanza kwa makusudi: 4U maana yake ni orodha ya nne ya Uhuru, na herufi hiyo inaandikwa kila siku na wanasayansi wa Japani, India, Urusi na Marekani, wengi wao bila kujua Ungwana iko wapi.

Kwa haki, nikubali kwamba milipuko ya kweli ipo juu ya baadhi ya nyota za nyutroni. Zile zenye sumaku dhaifu hukusanya gesi juu ya uso wake mzima mpaka haidrojeni na heli iliyorundikana huwaka kinyuklia kwa sekunde chache, na SAS-3 ilichangia mno kuzichunguza. Hata hizo hazifi. Hulipuka kwenye ngozi, zikapoa, zikaanza kukusanya upya, baadhi yao mara kadhaa kwa siku.

Mwandishi wenu aliandika pia kwamba kituo cha Malindi kwa sasa ni makumbusho. Ni kweli kwamba roketi ya mwisho iliondoka mwezi Machi 1988, lakini antena zimeendelea kufanya kazi, na kwa upande wa eksirei zimekuwa na kazi nyingi. Data za Swift, iliyorushwa mwaka 2004, hushushwa kupitia Malindi. Ndiyo setilaiti iliyoinasa palsa ya Swift J0243.6+6124 mwezi Oktoba 2017, ya kwanza katika Njia Nyeupe, galaksi yetu, kuonekana ikivuka kikomo ambacho, kwa hesabu za kawaida, mwanga wenyewe hupaswa kuisukuma nyuma gesi inayoanguka. Data za NuSTAR, iliyorushwa mwaka 2012, nazo hushushwa Malindi, na ndani yake ndimo Matteo Bachetti na wenzake walimoona, mwaka 2014, mdundo wa sekunde 1.37 ukitoka katika galaksi ya M82, umbali wa miaka ya nuru milioni 12 hivi, kutoka kwenye chanzo angavu mno ambacho kilikuwa kimedhaniwa na wengi kuwa shimo jeusi. Kilikuwa palsa inayomeza, iliyozidi kikomo hicho makumi ya mara. Halafu kuna IXPE, iliyorushwa Desemba 2021 na kuwekwa juu ya ikweta kabisa, ambayo hupima mwelekeo wa mtetemo wa mawimbi ya eksirei. Ilipoelekezwa kwa Her X-1, ile ile ya Uhuru, nadharia zilitabiri kwamba mtetemo ungekuwa umepangika kwa zaidi ya asilimia 60, na kipimo kikaonyesha chini ya asilimia 10 kwa wastani. Kuna jambo katika maelezo ya jinsi gesi inavyotua kwenye ncha za sumaku ambalo halikuwa sawa, na wataalamu bado wanalihangaikia. Kipimo hicho kilipita katika antena iliyo mwendo wa nusu saa kwa gari kutoka soko la Malindi, na hakuna gazeti la Kiswahili nililoliona likikitaja.

Najua utaniambia kwamba wasomaji wanataka habari za bei ya unga na za uchaguzi, na kwamba nyota za nyutroni haziuzi gazeti. Sikatai habari hizo zitangulie. Lakini makala ya kituo cha anga mlishaamua kuichapisha, ikapewa kurasa mbili pamoja na picha, na katika kurasa hizo mbili kulikuwa na nafasi ya kutosha kueleza umbo la majukwaa, idadi ya miguu yake na chakula walichopikiwa mafundi wa Kiitalia. Nafasi ilikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwuliza mwandishi, kabla makala haijaenda mtamboni, kama amezungumza na mwalimu yeyote wa fizikia, na katika kaunti hii hawakosekani. Wengine wetu tumestaafu na tuna muda wa kutosha wa kupokea simu.

Lipo pia la mkataba. Wanasiasa wetu wanapobishana kuhusu kituo hicho huzungumzia kodi ya ardhi, ajira na ufadhili wa masomo, na mimi naunga mkono madai hayo yote. Lakini sijasikia hata mmoja akidai kwamba vijana wa vyuo vikuu vya Mombasa, Kilifi, Nairobi au Dar es Salaam wafundishwe kuzichambua data hizo, ilhali data za Swift, za NuSTAR na za IXPE ziko wazi kwenye intaneti kwa yeyote, bila malipo, na grafu za kila siku za palsa zinazowaka huchapishwa na watu wa Swift, wa setilaiti ya Fermi na wa chombo cha Kijapani cha MAXI kilichoko kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga. Mtu hadai asichojua kwamba kipo. Kama magazeti yangekuwa yameeleza kwa miaka 50 kile kinachopita katika antena zile, naamini dai hilo lingekuwa limeshawekwa mezani zamani.

Ombi langu ni dogo. Kwanza, naomba sahihisho lichapishwe likisema kwamba A 0535+26 iliwaka kwa sababu ilipata gesi nyingi kutoka kwa nyota jirani, na kwamba haikufa. Pili, mwako mwingine utakapotokea, nao utatokea, kwa nyota hii au kwa mojawapo ya wenzake, mwandishi atakayepewa kazi hiyo aulize ni nyota gani inayolisha, mdundo ni wa sekunde ngapi na umebadilikaje, na mwangaza umefika wapi ukilinganishwa na Nebula ya Kaa. Majibu yote matatu huwa yamekwisha kutangazwa ndani ya siku chache. Nyota ya V725 Tauri yenyewe ina mwangaza wa daraja la 9, kwa hiyo haionekani kwa macho matupu, lakini darubini ndogo ambayo shule kadhaa za pwani zinayo kabatini inatosha kuiona, mapema jioni kati ya Desemba na Machi, katikati ya ncha mbili za pembe za Ng'ombe. Diski yake inapokua na kusinyaa, mwangaza wake nao hubadilika, na chama cha wachunguzi wa nyota badilifu cha AAVSO kilichoko Marekani hupokea vipimo vya nyota kama hiyo kutoka kwa mtu yeyote duniani. Klabu ya sayansi itakayotaka ramani ya nyota za kulinganishia na iwaandikie. Niko tayari kuwaelekeza namna ya kuisoma.

Wako,

Mwalimu mstaafu wa Fizikia,
Kilifi